Pakiti ya Chumvi Nyumbani Kwako Huisha Baada ya Siku Ngapi?

Siku utakayofungua pakiti mpya ya chumvi, iandike tarehe kwa kalamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai kisichojaa kilima. Nyumba ya watu wazima watano ni gramu 25, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo haifai kuisha kabla ya siku 20. Ikiisha siku ya kumi, mnakula maradufu, na hapo hatujagusa mkate, achari wala chipsi za kibandani.

"Mimi chumvi siweki nyingi," wengi husema, na kwa ile ya kijiko huenda ni kweli. Iliyojificha ni ya kidonge cha kiungo cha mchuzi: karibu nusu ya uzito wake ni chumvi tupu. Ukitia kidonge, pakiti ya chumvi iache kabatini. Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, aloweshwe na maji yake yamwagwe. Kwenye vyakula vya pakiti, gramu za sodiamu, madini yaliyomo ndani ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe.

Sodiamu hushika maji mwilini, damu ikaongezeka ujazo na moyo ukasukuma kwa nguvu zaidi. Presha hiyo kwa kawaida haiumi. Anayengoja kichwa kigonge ndipo akapime, huenda akaletwa na kiharusi.

Kipimo nacho kina adabu zake. Kojoa kwanza, kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati; ukiwa mdogo kwa mkono mnene, utakupa namba kubwa isiyo ya kweli. Rudia baada ya dakika moja. Ukipata 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, nenda kituo cha afya. Aliyeanzishiwa dawa asiache kwa kuwa namba zimeshuka. Dawa ndiyo iliyozishusha.

Chumvi ya mawe au ya waridi ni sodiamu ile ile, tena mara nyingi haina madini joto, kwa hiyo bei yake haikununulii kinga. Chumvi mbadala yenye potasiamu ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa figo. Amuulize daktari kwanza. Jikoni, punguza kidogo kidogo, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vikijaza pengo. Baada ya wiki chache ulimi huzoea, na mchuzi wa zamani utauona mkali.