Kwa Nini Titanic Ilibeba Mashua za Kuokolea Nusu Tu ya Watu Wake?

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, saa 5:40, meli ya abiria ya Titanic iligonga siwa barafu katika Atlantiki ya Kaskazini ikiwa safarini kutoka Southampton kwenda New York, na ilipofika saa 8:20 ilikuwa imekwisha kuzama. Ndani yake mlikuwa na watu wapatao 2,200, na wapatao 1,500 kati yao walikufa. Mashua za kuokolea zilikuwa 20, na hata kila moja ingejazwa kabisa, zote pamoja zisingebeba zaidi ya watu 1,178. Kila asikiaye hesabu hiyo huuliza: ilikuwaje meli ya fahari namna ile iruhusiwe kwenda bahari kuu bila nafasi ya kuwaokoa watu wake wote?

Jibu linaumiza zaidi kuliko wengi wanavyotarajia, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa. Titanic ilikuwa na mashua nyingi kuliko zilizodaiwa na serikali ya Uingereza. Bodi ya Biashara, iliyokuwa na dhamana ya usalama wa meli za nchi hiyo, ilitumia kanuni za mwaka 1894, ambazo hazikuhesabu vichwa vya abiria bali zilipima ukubwa wa chombo. Jedwali lake liliishia kwenye mstari mmoja: meli ya tani 10,000 na kuendelea itabeba mashua 16. Kanuni hizo zilipoandikwa, meli kubwa kabisa za abiria zilikuwa na tani zipatazo 13,000, kwa hiyo mstari huo ulitosha. Miaka 18 baadaye Titanic ilikuwa na tani 46,328, na bado ikapimwa kwa mstari uleule. Kwa hesabu ya kanuni, ilitakiwa iwe na nafasi za watu 962 tu.

Si kwamba hakuna aliyewaza mashua zaidi. Alexander Carlisle, aliyeshiriki kuisanifu meli hiyo huko Belfast kabla ya kustaafu, aliieleza tume ya uchunguzi kwamba kwa maoni yake zilistahili kuwapo 48, na mikono ya chuma ya kuteremshia mashua ilikuwa imechaguliwa ya aina inayoweza kuhudumia zaidi ya mashua moja kila mkono. Lakini kwa kuwa serikali haikudai, hazikuwekwa.

Hata hivyo, kuieleza habari hii kwa uzembe peke yake hakutoshi. Nyuma ya kanuni palikuwa na imani iliyoshikwa na watu wazoefu wa bahari, kwamba meli kubwa iliyogawanywa ndani kwa kuta zisizopitisha maji haiwezi kuzama upesi, kwamba njia za Atlantiki zimejaa vyombo, na kwamba simu ya upepo, yaani mawasiliano ya redio, itaita msaada. Kwa fikra hiyo, mashua haikuwa mahali pa kukaa hadi upatikane wokovu, bali kivuko cha kuwahamisha abiria kwa zamu, kutoka meli iliyoumia hadi meli iliyokuja kusaidia. Januari 1909 imani hiyo ilionekana kuthibitishwa. Meli ya Republic, ya kampuni ileile iliyomiliki Titanic, iligongwa na meli ya Florida katika ukungu karibu na Nantucket. Mwendesha simu wake, Jack Binns, akaita msaada, na kwa kuwa chombo kilielea zaidi ya siku nzima, watu wapatao 1,500 wa meli zote mbili walivushwa kwa mashua hadi meli nyingine. Waliokufa walikuwa sita, nao walipoteza maisha kwa sababu ya mgongano wenyewe.

Kivuko, lakini, kinahitaji ng'ambo ya kufikia, na usiku ule wa Aprili ng'ambo haikusikia. Meli ya Californian ilikuwa imesimama katika barafu, mbali kiasi cha maofisa wake kuweza kuona fataki nyeupe zikipasuka angani upande ilikokuwa Titanic. Ilikuwa na mwendesha simu mmoja tu, Cyril Evans, naye alikuwa amefunga mitambo na kwenda kulala, kwa sababu hapakuwa na sheria iliyodai mtu wa kupokezana naye. Hawakumwamsha hadi kulipokaribia kupambazuka. Huko kwenye meli ya Carpathia, Harold Cottam naye alikuwa akijiandaa kulala, ila vipokezi vilikuwa bado masikioni mwake, ndipo aliposikia mwito. Nahodha Arthur Rostron aligeuza meli mara moja, lakini alikuwa umbali wa maili 58 hivi, akafika kwenye saa 10 alfajiri. Wengi waliobaki majini walikuwa na maboya miilini mwao. Baridi ndiyo iliyowaua.

Inafaa kuitazama kwa karibu mashua namba 7, ya kwanza kuteremshwa, mnamo saa 6:45 usiku. Ilikuwa na nafasi 65, ikaondoka na watu wapatao 28. Namba 1, yenye nafasi 40, iliondoka na watu 12. Sitaha ilikuwa na mwanga na meli ilionekana imara, huku chini kukiwa na giza na bahari ya kutisha. Abiria walisita, na baadhi ya maofisa walihofia kwamba mashua iliyojaa ingevunjika ikiwa bado inaning'inia. Ilipofika mwisho, mashua mbili za kukunjwa hazikuwahi hata kuteremshwa ipasavyo, zilichukuliwa na maji pale sitaha ilipofunikwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha mambo: nafasi zilikuwa haba, na hata hizo chache mabaharia hawakuwa wamezoezwa kuzitumia kwa muda waliokuwa nao.

Wa kwanza kukataa hali ya zamani walikuwa wafanyakazi. Siku chache tu baadaye wachocheaji wa tanuri za Olympic, meli pacha ya Titanic, waligoma kuondoka Southampton kwa kuwa hawakuziamini mashua za kukunjwa zilizoongezwa kwa haraka. Mabaharia 54 walishtakiwa kwa uasi, lakini mahakama haikuwafunga. Kisha, tarehe 20 Januari 1914, wajumbe wa mataifa 13 walitia saini mjini London mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana hadi leo kwa kifupi cha SOLAS. Uliagiza nafasi katika mashua kwa kila aliyemo melini, na masikio ya simu ya upepo yasiyolala katika meli kubwa za abiria, pamoja na doria ya kufuatilia barafu katika Atlantiki ya Kaskazini. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilizuia mkataba huo usianze kutumika ulivyopangwa, ingawa doria ya barafu ilianza na inaendelea hadi sasa.

Miezi minne tu baada ya saini hizo, tarehe 29 Mei 1914, meli ya Empress of Ireland iligongwa katika ukungu kwenye mto St. Lawrence, Kanada. Mashua zake ziliwatosha watu wote. Ilizama kwa dakika 14, ikiwa imelalia ubavu kiasi kwamba ni mashua chache tu zilizoweza kuteremshwa, na watu 1,012 walikufa. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Julai 1915, meli ya matembezi ya Eastland ilipinduka mjini Chicago ikiwa bado imefungwa gatini, ikaua watu 844. Tangu zamani ilikuwa mashuhuri kwa kwenda mrama, na wiki chache kabla ya siku hiyo ilikuwa imeongezewa juu mashua na vyelezo vya kuokolea, uzito ambao haikuundwa kuubeba.

Kwa hiyo kanuni zimeendelea kuandikwa upya, kila mara zikitazama zaidi muda na utayari wa watu kuliko idadi ya mashua. SOLAS ya leo inataka mashua zote za meli ya abiria ziweze kuteremshwa, zikiwa na watu na vifaa vyake, ndani ya dakika 30 tangu ishara ya kuiacha meli itolewe, abiria wakiwa wamekwisha kukusanyika na kuvaa maboya. Hata hilo lilionekana kupungukiwa Januari 2012, meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria waliopanda siku hiyohiyo walikuwa hawajafanya zoezi lolote la dharura, kwa sababu kanuni ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu tarehe 1 Januari 2015, abiria wapya hukusanywa na kufanya zoezi hilo kabla meli haijaondoka, au mara tu inapoondoka.