Seli ni zako, ndiyo. Na zinaweza kukuua

"Lakini Daktari, si ni seli zake mwenyewe?" Familia zinazochangisha pesa hapa Kampala kumpeleka mgonjwa India kwa tiba ya CAR-T zote huniuliza hivyo. Katika tiba hii, seli T, yaani askari wa kinga walio kwenye damu ya mgonjwa, hutolewa, hubadilishwa maabara, kisha hurudishwa zipige saratani. India iliidhinisha ya kwake, NexCAR19, mwaka 2023. Bei ikashuka, swali hili likazidi. Eti kemo ni sumu, hii ni asilia. Kwanza, kemo haikwepeki: kabla ya seli kurudishwa, mgonjwa hupewa fludarabini na siklofosfamidi, nazo ni dawa za kemo. Hilo tulimalize.

Sasa hilo la "zake mwenyewe". Seli T zilitoka kwenye damu yake, kweli. Kisha maabara ikaziingizia jeni kwa kutumia kirusi, zikaota kipokezi kinachokamata CD19, alama iliyo juu ya seli B (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili), za saratani na nzima pia. Kikulacho ki nguoni mwako: wahenga hawakusomea imunolojia, ila hapo walipatia. Dawa ya kawaida ikimzidi mgonjwa nafunga dripu, mwili unaitoa polepole. Seli hizi huzaliana. Kiasi alichotiwa Jumatatu sicho atakachokuwa nacho wiki ijayo, na mwenye saratani nyingi mwilini ndiye hatari humwandama zaidi.

Zikianza kazi humwaga saitokini, kemikali za kuamsha kinga: homa kali, presha kushuka, oksijeni kushuka, ICU. Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kutibiwa hivi, Philadelphia mwaka 2012, aliponea chupuchupu, akaokolewa na tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi. Seli zilikuwa zake mwenyewe.

Madhara ya ubongo ni kesi nyingine, na hapo tosilizumabu haifui dafu. Tegemeo ni deksamethasoni, dawa ya steroidi. Mgonjwa huandikishwa sentensi kila siku, mwandiko ukivurugika wauguzi wanajua mambo yameanza. Kwa nini huyu achanganyikiwe na mwenzake asikohoe hata? Vitabu vina michoro ya kupendeza. Wodini kuna kalamu na karatasi.

Kuhusu saratani mpya: Januari 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilidai onyo kwenye dawa hizi kuhusu saratani za seli T. Ni nadra, na bado ningempeleka mgonjwa ambaye njia nyingine zimegoma. Ila wengi wa wagonjwa hawa walishapigwa kemo miaka mingi, nayo huleta saratani zake, kwa hiyo kumtaja mkosaji si rahisi. Ndiyo maana ufuatiliaji unaoshauriwa ni wa maisha yote. Familia zikiniambia "amerudi, amepona, tumemaliza", natamani kulia.

Akirudi nyumbani seli B zake zinaweza kuwa zimefutika kwa miezi, hata miaka, na kingamwili ziko chini. Homa ikimpata, kliniki ya mtaani inapima malaria, inampa vidonge, inamrudisha kwake. Hata malaria ikionekana, bakteria wanaweza kuwa kwenye damu hiyohiyo. Sema mlangoni kabisa: "Nilitiwa seli za CAR-T." Wasipoelewa, nenda hospitali kubwa usiku huohuo.

Na chanjo ya homa ya manjano! India inadai cheti kwa anayetoka Uganda, basi watu wanakimbilia kuchanjwa wiki ya safari. Ile ina virusi hai. Haifai ndani ya wiki 6 kabla ya kemo ya maandalizi, wala baadaye mpaka kinga irudi. Kuna barua ya daktari ya kuomba mgonjwa aondolewe sharti hilo. Ulizia ubalozini kabla ya kukata tiketi.