Taa ya Injini Ikiwaka Kwenye Dizeli, Pima Kabla ya Kununua Kontroli Boksi

Malalamiko yanayofika karakana ya chuo chetu yameongezeka, na mengi yanafanana. Gari la dizeli limeishiwa nguvu mlimani, taa ya injini imewaka, fundi amechomeka mashine ya kusoma makosa ya injini ikatoa msimbo P0087, na mmiliki ameambiwa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, limekufa. Ananunua la mtumba. Sasa gari haliwaki kabisa, kwa sababu kontroli boksi lililotoka gari jingine mara nyingi halitambui ufunguo wa gari hili.

Msimbo hautaji kifaa kilichokufa. P0087 inasema tu kwamba presha ya mafuta kwenye reli, yaani bomba nene linalogawa mafuta kwa nozeli zote, iko chini ya inayotakiwa. Huenda filta imeziba, hewa inaingia kwenye mpira wa kutoka tenki, vali ya pampu inakwama, nozeli (kifaa kinachopulizia mafuta ndani ya silinda) inarudisha mafuta kupita kiasi, au sensa ya presha ndiyo mbovu. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanaanza na kifaa cha bei ghali kuliko vyote.

Andika misimbo yote kabla ya kuifuta, pamoja na taarifa za hali ya injini kosa lilipotokea, ukishafuta, zimepotea. Pima betri wakati starta inazungusha, maana umeme ukishuka sana huzusha misimbo ya sensa ambazo ni nzima. Kagua plagi ya sensa ya presha kama ina kutu au waya uliolegea. Kisha unganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu: mapovu yakipita, kuna hewa. Nozeli zipimwe kwa marejesho, yaani mafuta ambayo kila moja inayarudisha, kila moja na chupa yake. Chupa inayojaa haraka kuliko nyingine imekuonyesha mkosaji. Nozeli nyingi mpya zina namba kichwani, na namba hiyo lazima iingizwe kwenye kontroli boksi.

Gari likifika kwetu na kontroli boksi lililokwisha kufunguliwa, halipokelewi mpaka mmiliki ajaze fomu na kusaini. Asiye na kadi ya gari alete barua ya mwenye gari.

Kuhusu mafuta: dizeli ndiyo inayolainisha pampu hizi. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huisaga pampu, na chembe za chuma huishia kwenye nozeli. Mafuta nchini Tanzania yanawekewa vinasaba, yaani alama za siri za kugundua uchakachuaji, tangu 2010, lakini wewe dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) na uitunze. Bila risiti, lalamiko lako dhidi ya kituo ni gumu kuthibitisha.

Na mafundi waliozoea dizeli za zamani, acheni leo kulegeza bomba la nozeli injini ikiunguruma ili kutafuta silinda isiyofanya kazi. Reli hizi hufikia zaidi ya bar 1,000. Mafuta hutoboa ngozi; kidonda huonekana kama kitone tu, kumbe ni cha kuwahishwa kwa daktari wa upasuaji saa hiyohiyo. Zima injini, subiri presha ishuke, ndipo ushike spana.