Miezi mitatu ndani: tunayoambiana Moshi kuhusu usingizi wa kichanga

Elia alizaliwa mwishoni mwa Juni, na Moshi mwezi huo haina mzaha. Mlima unajifunika wingu toka alfajiri, nepi hazikauki, na kila anayekuja kumwona mtoto anaingia na vitu viwili: chupa ya mtori na ushauri. Mtori niliumaliza wote. Ushauri nilibaki nao usiku, saa nane, saa tisa, nimekaa kitandani na mtoto kifuani, nikijiuliza nani anasema kweli. Mengine nilimpelekea nesi kliniki, mengine niliyasoma mpaka nikaridhika.

“Mtoto wako amegeuza usiku kuwa mchana”

Hajageuza kitu. Hana bado mchana wala usiku wa kugeuza. Ile saa ya mwili inayotuambia sisi wakubwa kwamba giza limeingia, tulale, kwa kichanga haijaanza kupiga. Homoni ya usingizi, melatonini, mwili wake huanza kuitoa kwa mpangilio akiwa na miezi 2 au 3. Kabla ya hapo analala saa 14 hadi 17 kati ya 24, ila kwa vipande vya saa moja, mbili au tatu, vinavyoangukia popote.

Zamani kwetu uchagani mzazi alikaa ndani miezi mitatu. Hakushika jembe, hakukata majani ya ng'ombe. Alipikiwa na kutunzwa, na miezi ilipotimia ndipo akatoka kwenda sokoni watu wamwone. Mama mkwe wangu, mtu wa Kibosho, bado ana moyo huo. Alishuka na mkungu wa ndizi, akafunga mapazia yote, akatangaza kwamba mimi na mtoto tusionekane uani. Nimeufikiria sana utaratibu huu. Naona wazee waliipatia miezi, kwa sababu ni karibu muda uleule ambao saa ya mtoto inachukua kujipanga, na mama aliyeondolewa kazi anaweza kulala kila mtoto anapolala. Giza ndilo sikubaliani nalo. Mtoto anayeshinda nyuma ya mapazia mchana, halafu taa ikamwakia usiku kucha, atajifunzia wapi?

Kwa hiyo tukafungua mapazia. Asubuhi Elia ananyonya karibu na dirisha. Mchana analala sebuleni, redio inaongea, sufuria zinagongana, na hakuna anayeambiwa anyamaze. Jioni ni maji ya vuguvugu, mafuta, titi, wimbo mmoja uleule, na mwanga unapungua. Usiku nanyonyesha na kubadilisha nepi kwa taa hafifu, bila stori, bila kumchekesha, bila simu. (Hapo kwenye simu nimeanguka mara nyingi.) Maziwa yenyewe yanasaidia, maana ya usiku yana melatonini ambayo ya mchana karibu hayana. Matokeo hayakuja wiki ile wala iliyofuata. Huo ni mlango unaomfungulia mtoto. Ataingia siku yake.

“Mama Elia, mtoto atapigwa na upepo,” mama mkwe alisema pazia lilipofunguka.

“Dirisha limefungwa, mama. Ni pazia tu.”

Alinyamaza, akamvalisha mtoto kofia ya pili.

“Baridi hii, mfunike mpaka kichwani”

Kofia ndani ya nyumba, sweta mbili, shali, halafu blanketi zito la mtumba kutoka soko la Memorial. Nimeona watoto wamefungwa namna hiyo mpaka uso umekuwa mwekundu, na tunasifiana kwamba tunajua kutunza. Kichanga hutoa joto lililozidi kupitia kichwani na usoni. Ukimziba hapo akiwa amelala, joto halina pa kutokea, na joto kupita kiasi ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Kipimo kizuri ni nguo ulizovaa wewe na moja zaidi. Ukitaka kujua kama ana baridi, usishike viganja, maana vya kichanga huwa baridi hata akiwa sawa. Pitisha mkono kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, vua kitu. Blanketi liishie kifuani na lichomekwe pembeni ya godoro. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyezaliwa na uzito mdogo, ana maelekezo yake. Huyo fuata ulivyoambiwa wodini, pamoja na kumbeba ngozi kwa ngozi.

Na jiko la mkaa. Hapa sitaki kusema kwa upole. Kila Julai kuna anayeliingiza chumbani “dakika mbili tu chumba kipate joto”, kisha usingizi unampitia. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua familia nzima imelala. Jiko likae nje, hata kama makaa yanaonekana yamefifia.

“Akilala chali atapaliwa na maziwa”

Hili niliambiwa na watu wanane, kati yao mmoja mwalimu wa sayansi. Linaingia akilini, ndiyo maana limedumu. Lakini angalia koo lilivyo: mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi yatalazimika kupanda kilima ili yaingie mapafuni. Akilala kifudifudi ni kinyume, hewa iko chini na maziwa yanateremkia huko. Tena ana uwezo wa kuzaliwa nao wa kukohoa au kumeza kinachomjia kooni. Uingereza ilipoanza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na Marekani ikafuata mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa nusu na zaidi katika miaka iliyofuata. Chali, basi, usiku na mchana, mpaka afikishe mwaka. Anayehofia kisogo kuwa bapa ampe mtoto muda wa kulala kifudifudi akiwa macho, na mtu akiwa pale anamtazama.

Jirani yangu, mwanamke mwema sana, aliniletea wembe uliofungwa kwenye kitambaa, niuweke chini ya mto wa mtoto asishtuke usiku. Nilimshukuru, nikauweka kabatini. Kushtuka kule, mikono ikatanuka ghafla kama anayeanguka, ni kawaida ya kichanga na huisha chenyewe kwa kati ya miezi 3 na 6. Na mtoto hana haja hata ya huo mto. Godoro gumu lililonyooka, shuka lililobana, chandarua cha dawa kilichochomekwa vizuri, basi. Midoli ipambe rafu.

Kuhusu kulala naye kitanda kimoja sitajifanya mtakatifu. Ushauri ni chumba kimoja, kitanda au kijitanda chake. Wengi wetu tuna chumba kimoja na kitanda kimoja, na mtoto analala ubavuni. Kama ni hivyo, basi asilale katikati ya watu wawili, asiwe karibu na mito wala blanketi zito, na upande wa ukuta kusiwe na upenyo wa kumnasa. Baba aliyerudi na mbege kichwani alale kwingine. Mvutaji sigara vivyo hivyo. Akiwa njiti au alizaliwa chini ya kilo 2.5, usilale naye kabisa. Kochi ni baya kuliko kitanda: mama aliyechoka akipitiwa na usingizi pale, mtoto huteleza akabanwa kwenye mikunjo.

“Hapati usingizi kwa sababu hashibi, mpe uji”

Au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa, au mtori uliochujwa. Uji hauongezi usingizi. Kichanga huamka usiku kwa kuwa tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Mara 8 hadi 12 kwa siku ndiyo ratiba yake halali. Na zile za usiku ndizo zinazotunza maziwa, kwa kuwa homoni ya kuyatengeneza hupanda zaidi usiku. Hadi miezi 6 ni maziwa ya mama tu, wala si maji.

“Usimbebe bebe, utamdekeza”

Mtoto wa wiki tano hajui kudeka. Analia kwa kuwa hana namna nyingine ya kusema, na kilio chenyewe huongezeka hadi kufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua, umembeba au hukumbeba. Mbeleko haijaharibu mtoto yeyote.

Ila kuna jambo moja ambalo kama ningelijua wiki ya kwanza lingeniokoa. Karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni usingizi wa kuhangaika: anaguna, anakunja uso, anapiga miguu, anatabasamu (bibi husema anacheka na malaika), hata analia kidogo macho yamefumba. Mimi nilikuwa namnyakua kila akiguna. Kumbe nilikuwa namwamsha mtoto aliyelala! Nesi aliniambia, “Mama, hesabu pumzi zako kumi kwanza.” Mara nyingi kabla sijafika saba Elia alikuwa ametulia. Kilio cha kweli kikija, mchukue, usimwache. Ni kule kuguna tu ndiko nilikojifunza kukusubiri.

Vilevile kichanga hawezi kukaa macho zaidi ya saa moja hivi bila kuchoka. Akipiga miayo, akikwepesha macho, akirusha mikono ovyo, huo ndio muda. Ukimkesha ili “alale vizuri usiku”, unapata mtoto aliyechoka mno na halali. Baadhi ya siku nilimlaza kitandani akiwa amelegea lakini hajafumba macho, nikamwekea kiganja kifuani. Siku nyingine aligoma, nikambeba.

“Kijiko kimoja cha dawa ya mafua atalala”

Hapana. Dawa za aleji na mafua zinazoleta usingizi zinaweza kupunguza pumzi za mtoto mdogo. Promethazini, kwa mfano, hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 2. Duka la dawa likikuuzia bila kuuliza umri, hiyo si ruhusa.

“Mtoto mpole anayelala mfululizo ni baraka”

Huenda, lakini si katika wiki mbili za mwanzo. Mpaka arudishe uzito wa kuzaliwa, anayepitisha saa tatu bila kunyonya anaamshwa anyonye: mfunue, badilisha nepi, msugue nyayo. Na kama haamshiki, au amegoma titi, ana joto la 37.5 na zaidi, au amekuwa wa baridi, anapumua mara 60 na zaidi kwa dakika, amekuwa manjano mpaka viganjani na nyayoni, au kitovu kinatoa usaha, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali muda huohuo.

“Akitimiza miezi mitatu utalala usiku kucha”

Mimi nililiamini hili kwa sababu nililihitaji. Likizo ya uzazi ni siku 84, ya baba ni siku 3, na nilikuwa nahesabu. Wapo wanaolala saa tano au sita mfululizo kufikia umri huo, na kwa mtoto huo ndio usiku kucha. Wengi huamka bado hata baada ya miezi 6, wakiwa wazima kabisa.

Elia alifikisha siku 84 akiwa anaamka mara tatu. Baba yake akachukua zamu ya saa kumi na moja alfajiri: nikishanyonyesha, yeye anambeba, anambeulisha, anatembea naye sebuleni huku anapasha maji ya chai. Mimi napata saa moja na nusu. Mama mkwe alipopiga simu kuuliza kama mtoto sasa analala, nilimwambia bado.

“Na wewe?”

“Kidogo, mama.”

Jumamosi alishuka tena na mkungu mwingine. Safari hii pazia alifungua mwenyewe.