Kuchemsha uji hakuondoi sumukuvu

Swali ambalo wazazi wananiuliza kuliko lingine lolote ni hili la kuchemsha. Mtu amefungua kopo la unga wa uji wa mtoto, kakuta harufu kama ya chumba kilichofungwa muda mrefu, anasema basi leo ntauchemsha sana, moto utaua kila kitu. Ni kweli moto utaua ukungu wenyewe, ila sumu iliyoachwa na huo ukungu, ndio hiyo sumukuvu, haifi kwasababu haijawahi kuwa na uhai, ni kemikali. Aflatoksini, ambayo ndio tunaiogopa kuliko zote, inaanza kuvunjika kwenye joto la nyuzi 237 hivi kwenda juu, na uji hata ukae jikoni saa zima haupiti nyuzi 100. Kwahiyo mtoto anakunywa uji wa moto, mtamu, umeiva vizuri kabisa, na sehemu kubwa ya sumu iko humo humo.

Hizi sumu zinatengenezwa na ukungu wa aina fulani, sio wote. Aflatoksini inatoka zaidi kwa ukungu unaoitwa Aspergillus flavus na unapenda sana mahindi na karanga, fumonisini inatoka kwa Fusarium ambao unaingia kwenye mahindi yakiwa bado shambani, ngano na shayiri nazo zina yake, deoksinivalenoli, ile inayotapisha. Dunia ilishtuka 1960 kule Uingereza walipokufa bata mzinga zaidi ya 100,000 na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani, baadae ndio ikaonekana ni chakula chao, kilikuwa na karanga zilizoota ukungu. Na kwa binadamu usidhani ni hadithi za mbali, Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 na 125 wakafariki, chanzo mahindi.

Lakini vifo vya ghafla namna hiyo sio ndio kinachonisumbua zaidi mimi. Kinachonisumbua ni kidogo kidogo cha kila siku. Mtu mzima leo anakula hiki kesho kile, mtoto wa miezi minane anakula uji asubuhi, uji mchana, uji jioni, unga ule ule mpaka uishe, na ukilinganisha na uzito wake anakula kingi kuliko sisi, alafu ini lake bado changa. Hautaona akiharisha wala akipata homa, atacheza kama kawaida. Tafiti za watoto zilizofanyika Benin na Togo zilikuta waliokuwa na aflatoksini nyingi zaidi mwilini ndio walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao, na kiwango kilikuwa kinapanda pale mtoto anapoachishwa ziwa na kuhamia kwenye vyakula vya nafaka. Ukiacha ukuaji, aflatoksini inasababisha saratani ya ini, hilo halina ubishi tena kisayansi, na mwenye virusi vya homa ya ini B hatari yake inakuwa kubwa zaidi sana.

Ndio maana viwango vya chakula cha watoto ni vikali mno. Umoja wa Ulaya kwa nafaka za watoto wachanga wanaruhusu aflatoksini B1, ile kali zaidi katika aina zake, isizidi maikrogramu 0.1 kwa kilo, wakati nafaka za kawaida za kula mtu mzima ni 2, yani mara 20. Ukitaka kuipata picha ya hiyo 0.1, chukua gramu moja uitawanye kwenye tani 10,000 za unga. Jicho haliwezi kuona kitu kama hicho na ulimi hauwezi kukionja. Nimeshapima unga mweupe, laini, unanukia vizuri, majibu yakatoka mabaya, maana ukungu ulishasagwa pamoja na punje na harufu ikapotea ndani ya harufu ya karanga. Harufu mbaya inakwambia utupe, ila harufu nzuri haikuambii kwamba uko salama.

Sasa kama jiko haliwezi na pua haiwezi, kazi inabaki kabla ya mashine. Hapa naomba tuelewane vizuri. Sumu haigawanyiki sawa kwenye gunia, punje nyingi zinakuwa safi kabisa na chache zimebeba mzigo wote, kwahiyo ule uchambuaji wa kukaa chini na ungo unaoonekana kama kazi ya kizamani unaondoa sumu nyingi sana. Mwaga kidogo kidogo, mahali penye mwanga, toa zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zenye rangi ya kijani au kijivu au weusi kwenye kiini. Karanga iliyojikunja usiionee huruma. Kukoboa nako kunasaidia sana kwa mahindi maana sumu nyingi inakaa kwenye pumba na kiini.

Kuna kosa moja naliona kwa wazazi ambao ni wasafi kweli kweli, na ndio inauma. Anaosha nafaka vizuri, anaanika, jua linaingia mawinguni, anaona zimekauka kwa juu anapeleka kusaga. Unga unatoka mashine ukiwa wa moto, anaumimina hapo hapo kwenye ndoo, anafunika kwa nguvu usiingie wadudu. Ule mvuke hauna pa kwenda, unagusa mfuniko, unageuka matone, yanarudi kwenye unga, na baada ya siku chache fungua uone mabonge yaliyoshikana pembeni. Kama umeosha basi anika mpaka zikauke hadi ndani, na unga uutandaze upoe kabisa ndio ufunike. Saga wa wiki mbili tatu, sio wa miezi. Na huu mtindo wa kuchanganya nafaka saba nane kwa pamoja mimi siuoni faida yake, kila nafaka unayoongeza ni mlango mwingine wa ukungu, mbili tatu zilizochambuliwa moja moja kabla ya kuchanganywa zinatosha.

Kama hauna uhakika na ukavu kuna kipimo cha chumvi, hakihitaji maabara. Chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kiasi, tia na punje za mahindi, funga, tikisa vizuri kisha iache dakika 10 mpaka 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa, tunataka 13.5 kushuka chini. Hiki kipimo kinaonyesha unyevu tu, sumu ambayo imeshaingia hakiioni.

Mama usisikie haya ukamnyima mtoto uji kwa woga, wala usiache kunyonyesha. Kinachopita kwenye maziwa yako ni kidogo mno ukilinganisha na uji wenye sumu, na zile miezi sita za mwanzo za maziwa ya mama peke yake ndio kinga nzuri kuliko zote.

Na zile punje ulizochambua pembeni, usimwagie kuku na usimpe ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akila aflatoksini mwili wake unaigeuza kuwa aina nyingine ya sumu hiyo hiyo, aflatoksini M1, inatoka kwenye maziwa, na hayo maziwa kuyachemsha nako hakusaidii. Zifukie mbali na mifugo, na ule unga wenye harufu ya chumba kilichofungwa nao usiuchekeche kutoa mabonge ukabakiza mwingine, tupa kopo zima.