Mnabishania albamu ipi hasa? Dhana potofu za mashabiki na ukweli wake

Ukifuatilia malumbano ya mashabiki wa muziki, utagundua kwamba wanaorushiana maneno mara nyingi hawakusikiliza kitu kimoja, hawahesabu kwa kipimo kimoja, au wanamlaumu fundi ambaye hakuhusika. Ladha haina hakimu, nasi hatuigusi. Tunazigusa zile hoja zinazotolewa kama ushahidi ilhali si ushahidi.

Dhana: "Albamu ni ileile, shida ni masikio yako"

Mara nyingi si ileile. Chukua Catch a Fire ya The Wailers, iliyotoka 1973. Nyimbo zilirekodiwa Jamaika, kisha kanda zikapelekwa London. Huko Chris Blackwell, mwenye lebo ya Island, alimwongeza Wayne Perkins kwenye gitaa na John "Rabbit" Bundrick kwenye kinanda, na miksi (uchanganyaji wa sauti za vyombo na waimbaji) ikapangwa upya ili iwaingie wasikilizaji wa roki. Miksi za Jamaika zilitolewa rasmi 2001, zikiwa na nyimbo mbili ambazo hazikuwamo katika toleo lililouzwa duniani. Kwa hiyo anayesema albamu hii ni kavu na nzito, na anayesema imejaa magitaa ya kizungu, wanaweza wote kuwa wakweli. Wamekamata matoleo tofauti.

Zama za strimu, yaani kusikiliza muziki moja kwa moja mtandaoni, zimezidisha hali hiyo. The Life of Pablo ya Kanye West ilitoka Februari 2016 na ikaendelea kubadilishwa ikiwa tayari hewani: miksi ziliguswa, sehemu za wimbo Wolves zikapangwa upya, na Juni ukaongezwa wimbo mzima, Saint Pablo. Uchambuzi ulioandikwa wiki ya kwanza unahusu kitu ambacho leo hukisikii ukibonyeza jina hilohilo.

Kabla ya kujibu mtu, hakiki mambo matatu: idadi ya nyimbo, urefu wa wimbo mmoja hadi sekunde, na mstari wa hakimiliki ulio chini kabisa ya ukurasa wa albamu kwenye programu ya kusikilizia. Mwaka ulioandikwa juu, kando ya jina, usiutegemee, maana huweza kuwa mwaka wa toleo la kwanza hata kama sauti iliyopakiwa ni ya masta mpya (sauti iliyorekebishwa kwa mara ya mwisho kabla ya kutolewa). Kwa santuri, tazama namba zilizochongwa kwenye eneo tupu kati ya mwisho wa mifereji na lebo ya katikati. Hizo ndizo zinazotofautisha mkato mmoja na mwingine hata kama jalada ni lilelile.

Na jambo dogo linalozua zogo kubwa: Legend ya Bob Marley ni mkusanyiko uliotolewa 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake. Kuishindanisha na Exodus ya 1977 ni kushindanisha nyimbo zilizochujwa kutoka kazi ya miaka mingi na kazi iliyopangwa kama albamu moja.

Dhana: "Remasta ni toleo lililoboreshwa"

Huenda ikawa, huenda isiwe. Hapa mashabiki huchanganya kazi tatu. Kumasta upya ni kuichukua miksi iliyokwisha kukamilika na kuirekebisha yote kwa pamoja: besi, sauti kali, ujazo. Fundi wa masta hana chaneli ya mwimbaji peke yake, kwa hiyo hawezi kuipandisha sauti ya mwimbaji huku akiiacha gitaa palepale. Kumiksi upya ni kurudi kwenye kanda zenye kila chombo kivyake. Kurekodi upya ni kuimba na kupiga tena tangu mwanzo, kama alivyofanya Taylor Swift kuanzia Fearless ya 2021. Anayesema "kwenye remasta wameongeza ngoma" ama amesikia miksi mpya ama amesikia besi iliyopandishwa.

Kinachoharibu remasta nyingi ni ujazo. Fundi akitaka wimbo usikike mkubwa, hubana vilele vya mawimbi ya sauti kwa kompresa na limita, halafu hupandisha kila kitu. Matokeo yake, pigo la ngoma lililokuwa likichomoza hukatwa kichwa, na kibwagizo kilichopaswa kulipuka baada ya ubeti mtulivu hufika kikiwa na ujazo uleule wa ubeti. Kwa dakika mbili za kwanza sikio hupenda, kwa sababu kilicho na ujazo zaidi, hata kwa chini ya desibeli moja, hudhaniwa kuwa bora. Ukifika wimbo wa sita umechoka na hujui kwa nini.

Ndiyo maana ulinganisho wa haraka wa toleo la zamani na jipya haufai kitu mpaka usawazishe ujazo. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha kuelekea -14 LUFS (kipimo cha ujazo wa sauti). Masta iliyobanwa hadi -8 inashushwa desibeli 6, na hapo ndipo unapoona ilichopoteza: imefika kwenye ujazo sawa na mwenzake lakini haina vilele. Washa usawazishaji kabla ya kulinganisha. Tena ujue kwamba ukicheza albamu nzima kwa mpangilio wake, nyimbo zote hushushwa au kupandishwa kwa kiasi kimoja ili wimbo mtulivu ubaki mtulivu. Ukichanganya nyimbo za albamu mbalimbali, kila wimbo husawazishwa kivyake, na ulinganisho unageuka kuwa mwingine kabisa.

Dhana: "Sauti ni mbovu, fundi wa masta ndiye aliyeharibu"

Death Magnetic ya bendi ya Metallica ilipotoka Septemba 2008 mashabiki walilalamikia mkwaruzo wa sauti, na kelele zikazidi walipogundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zilisikika safi zaidi. Lawama zikamwangukia fundi wa masta, Ted Jensen. Yeye akaeleza kwamba miksi zilimfikia zikiwa tayari zimebanwa mpaka ukutani, na kilichokwisha kukatwa hakirudishwi.

Kuna dalili za kukusaidia, ingawa si sheria. Mwimbaji amezama chini ya vyombo, au besi na ngoma ya teke zinagombania nafasi moja: hiyo ni kazi ya kumiksi. Vyombo vimepangika vizuri lakini vyote vimebanwa na vinakwaruza kwenye vilele: hapo mshuku masta, na bado ukumbuke kisa cha Jensen. Chumba kinasikika kwenye kipaza sauti, mwangwi wa kuta umekaa ndani ya sauti: kosa lilitokea siku ya kurekodi.

Dhana: "Santuri ina sauti bora kwa sababu ni analogi tupu"

Santuri nyingi za miaka ya karibuni hukatwa kutoka kwenye faili za dijitali. Mwaka 2022 ilibainika kwamba hata Mobile Fidelity, kampuni iliyosifiwa na wapenzi wa analogi, ilikuwa ikitumia hatua ya dijitali katika matoleo yake mengi. Wanunuzi wenye mitambo ya bei kubwa walikuwa wamezisifu santuri hizo kwa miaka bila kuishtukia hatua hiyo. Sauti yenyewe ilikuwa nzuri; nadharia ndiyo iliyoanguka.

Santuri ina mipaka ya kimwili. Sahani ya inchi 12 huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, ukingoni na katikati vilevile, kwa hiyo sindano hupita kwenye mfereji kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde mwanzoni mwa upande, na kwa kama 21 tu mwishoni. Mawimbi ya sauti kali hubanana mno huko ndani, ndipo herufi "s" za mwimbaji zinapoanza kuchana. Wapangaji wengi wa albamu wa enzi za santuri waliweka wimbo mtulivu mwishoni mwa upande kwa sababu hiyo. Upande mmoja hubeba vizuri dakika 20 hivi. Ukiurefusha, mifereji lazima ikaribiane, na ujazo na besi vipunguzwe. Albamu ya dakika 60 iliyobanwa kwenye sahani moja ni ya kuikwepa.

Santuri ikisikika bora, mara nyingi ni kwa sababu ilikatwa kutoka masta nyingine isiyobanwa sana. Lakini usitumie namba za "dynamic range" (tofauti kati ya sauti ndogo na sauti kubwa) zilizopimwa kwenye nakala ya santuri kama uthibitisho. Mchakato wa kukata na kusoma mfereji hubadilisha umbo la vilele, kwa hiyo kipimo hupanda hata masta ikiwa ileile.

Dhana: "Mimi nasikia tofauti ya MP3 wazi kabisa"

Kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde iliyotengenezwa ovyo, inawezekana. Kwa 320, jipime. Chukua faili moja isiyopunguzwa, kama FLAC, kisha tengeneza MP3 kutoka faili hiyohiyo. Usilinganishe huduma mbili, maana huenda zina masta tofauti. Sawazisha ujazo. Tumia programu yenye jaribio la ABX, kama foobar2000 na kiongezi chake: inakuchezea A, B, na X ambayo ni mojawapo bila kukuambia. Kisia mara 16. Ukipata 12 au zaidi, uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha tu ni chini ya asilimia 4. Ukipata 9, umebahatisha kama mtu yeyote. Amua idadi kabla ya kuanza, kwani anayeendelea mpaka apate matokeo anayoyataka atayapata tu.

Dhana: "Platinamu ni watu milioni walionunua"

Platinamu ya wapi? Marekani, RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki, hutoa cheti cha dhahabu kwa vizio (vipimo vya mauzo) 500,000 na platinamu kwa 1,000,000. Uingereza, platinamu ya albamu ni 300,000. Tena kizio si mnunuzi. Tangu Februari 2016 RIAA huhesabu strimu 1,500, au nyimbo 10 zilizonunuliwa mojamoja, kuwa sawa na albamu moja. Piga hesabu: albamu ya nyimbo 10 inahitaji kusikilizwa yote mara 150 ili ipate kizio kimoja, ya nyimbo 25 inahitaji mara 60 tu. Sasa unajua kwa nini albamu zimekuwa ndefu.

Albamu yenye sahani mbili nayo huweza kuhesabiwa mara mbili. The Wall ya Pink Floyd ina platinamu 23 Marekani, maana yake ni seti milioni 11.5. Isitoshe, cheti cha RIAA hakiji chenyewe. Lebo ndiyo huomba na kugharimia ukaguzi, kwa hiyo kukosa cheti hakuthibitishi kukosa mauzo.

Ugomvi wa ipi imeuza zaidi, Thriller ya Michael Jackson au mkusanyiko wa bendi ya Eagles, hutatulika hapahapa. Ndani ya Marekani, mkusanyiko wa Eagles wa 1976 ulithibitishwa kwa platinamu 38 mwaka 2018, na kuipita Thriller. Ukihesabu dunia nzima, Thriller ndiyo inayotajwa kuongoza. Wabishani wawili, ramani mbili.

Dhana: "Alama 80 Metacritic, basi wachambuzi wameipa 80"

Metacritic ni tovuti inayokusanya alama za wachambuzi, na wengi wao hawakuandika 80. Nyota 4 kati ya 5 hugeuzwa kuwa 80, kisha alama huchanganywa kwa wastani ambao haumpi kila mchambuzi uzito sawa. Tofauti ya 80 na 83 haistahili hata sentensi moja ya ubishi.

Dhana: "Wimbo una watunzi 12, msanii hajui kutunga"

Wimbo ukitumia kipande cha rekodi ya zamani (sampuli), huhitaji ruhusa mbili: ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Watunzi wa wimbo wa zamani huingia kwenye orodha hata kama hawajawahi kukutana na msanii. Kipande chenyewe kikiwa kimejengwa juu ya kingine, majina huongezeka. Bitter Sweet Symphony ya The Verve, ya 1997, ilitumia rekodi ya okestra ya wimbo wa Rolling Stones, na ikaandikwa kwa majina ya Jagger na Richards pia, huku mapato ya utunzi yakiwaendea wao. Mwaka 2019 walimwachia Richard Ashcroft haki hizo. Ukisoma orodha ndefu ya watunzi, anza kwa kutafuta sampuli, kisha ndipo uhesabu waliobaki.