Wiki tatu za mwisho kabla ya triathloni: punguza saa, usipunguze kasi

Zikisalia wiki 3 kabla ya mashindano, swali linalonijia kuliko yote ni hili: "Kocha, niliugua siku 8, nifidieje?" Jibu langu halimfurahishi mtu. Hufidii. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 hivi ili zoezi gumu ligeuke kuwa nguvu. Ukijitesa Jumatano na mashindano ni Jumapili, utaenda na uchovu tu.

Kwa umbali wa Olimpiki, yaani kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10, zoezi kubwa la mwisho naliweka wiki 2 kabla. Baada ya hapo saa za mazoezi nazikata karibu nusu, ila kasi siigusi. Wengi hukosea hapa: hupunguza vyote viwili, wakajikokota wiki mbili nzima, na siku yenyewe miguu imelala. Kama umezoea kukimbia dakika 60, kimbia 30, na ndani yake weka vipande 4 vya dakika 2 kwa kasi ile ile utakayokimbia siku hiyo. Siku za mazoezi zibaki karibu zile zile.

Utajihisi mzito, na mizani huenda ikapanda. Usikate chakula! Misuli inajaza glaikojeni, yaani wanga inaouhifadhi kama nishati, na kila gramu yake huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Hiyo ni akiba yako ya safari.

Muda uliookolewa nautumia kwenye eneo la kubadilishia, pale unapotoka majini kuchukua baiskeli, kisha unapoiacha ukimbie, na hapa ndipo huwa mkali. Mwanariadha atoke majini mbio, mapigo ya moyo yako juu, vidole vimelowa, avae helmeti na kuifunga kidevuni. Mara ya kwanza kibano humteleza mara mbili, tatu, na macho yanaanza kukitafuta. Turudie. Kanuni inataka helmeti iwe imefungwa kabla hujaitoa baiskeli mahali pake, na adhabu ipo. Narudia naye mpaka afunge bila kutazama, huku mguu umeshageukia njia ya kutokea.

Kushuka baiskeli na kukimbia papo hapo kunatosha mara moja kwa wiki, dakika 10 hadi 15. Miguu itakuwa kama ya kuazima. Ni kawaida, na hulainika kadiri unavyozoea.

Kuogelea nako, usibaki bwawani tu. Bwawani kuna mstari chini wa kukuongoza. Ziwani au baharini hakuna. Zoea kuinua macho kila baada ya mipigo 6 hadi 8 ya mikono utafute boya, la sivyo utaogelea mita nyingi za bure.

Kuhusu chakula, nina neno moja tu: usionje kitu kipya siku ya mashindano. Usingizi nao uulinde usiku wa pili kutoka mwisho, maana ule wa mwisho wengi hawalali vizuri, na hilo pekee halimwangushi mtu.

Siku moja kabla, dakika 20 za baiskeli. Pitia gia zote, kanyaga kwa nguvu mara tatu, jaribu breki, rudi nyumbani. Anayeniomba aongeze hata dakika 10, namnyima.